Mbuzi Aliyechorwa kwa Mawese

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kumfundisha, nilimwamkia shikamoo. Alikuwa mwanafunzi wangu, lakini alikuwa amenizidi umri kwa miaka mingi: mama wa Ujiji anayeuza mawese katika soko la Mwanga, mwenye mikono mipana iliyoingia wekundu wa mafuta hadi kwenye mistari ya viganja. Aliitikia "marahaba, mwalimu" huku akivua kandambili mlangoni, ingawa darasa langu ni banda la mabati tu nyuma ya nyumba yetu pale Gungu, na sakafu yake ni udongo. Nilimwambia mara nyingi asivue. Alivua.

Darasa lenyewe nililianzisha kwa ajili ya watu wazima waliowahi kupenda kuchora utotoni wakaambiwa waache mchezo. Walikuja sita, wakati mwingine wanane: muuguzi, mshonaji, walimu wawili wa shule ya msingi, dereva wa bajaji mwenye sharubu. Mimi ni mtu wa kueleza. Mke wangu husema ukiniuliza saa, nitakueleza kwanza jua linavyotembea. Ni kweli, na sioni aibu, kwa sababu nimeona watu waliokuja na mikono inayotetemeka wakaondoka na picha ya kuku anayetembea kweli, kwa kuelezwa tu, taratibu, bila kuchekwa.

Nilichowaeleza ni hiki, na wewe unayesoma ukitaka kujaribu, karibu. Tafuta vijiti vyepesi vya unene wa kidole kidogo, vimenye maganda, vipange ndani ya kopo la maziwa ya unga. Toboa kifuniko tundu moja kwa msumari, funika, kisha lifukie kopo kwenye makaa chakula cha mchana kikishaiva. Moshi ukikoma kutoka tunduni, litoe, liache lipoe lenyewe. Utapata mkaa wa kuchorea, laini, mweusi, unaotii mkono. Nenda nao mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa. Usichore. Kaa kwanza. Mtazame mbuzi mpaka ujue uzito wake uko mguu gani, maana mnyama aliyesimama hasimami kwa miguu yote minne sawasawa; daima kuna mguu unaobeba na mguu unaopumzika. Anza na huo unaobeba. Masikio yatakuja yenyewe. Ziwa nalo ni hivyo hivyo: usichore mawimbi. Chora giza lililo kati ya mawimbi, na weupe wa karatasi utafanya kazi iliyobaki. Ukikosea usifute. Acha kosa likae, mstari wa pili utajua pa kwenda.

Hayo nimeyasema kwa miaka mingi na bado nayaamini. Shida ni kwamba kuyajua na kuyafanya ni mambo mawili, na mimi nilikuwa nimeyajua vizuri mno.

Jumamosi ya tatu ya mama yule tulishuka mwaloni Kibirizi, darasa zima, kila mtu na ubao wake wa kuwekea karatasi. Dagaa walikuwa wameanikwa, wanawake wanawageuza, na mbuzi wanazunguka vichanja wakingoja mtu ageuke. Mmoja alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akasimama pale na upepo ukimpiga mgongoni. Nikawaambia, haya, huyo ndiye wetu.

Niliwapitia mmoja mmoja, nikieleza. Muuguzi nilimsifu kwa shingo. Mwalimu mmoja nilimsaidia kupunguza macho, kwani alikuwa amemchora mbuzi mwenye kope. Nikamfikia mama wa mawese mwisho. Alikuwa ameulaza mkaa ubavu, akaupitisha kwenye karatasi kwa mkono wote kuanzia begani, kisha akapangusa kwa kiganja kama mtu anayefuta meza. Mara tatu hivi. Halafu akaweka kando.

Mbuzi alikuwepo. Sijui niseme vipi zaidi. Manyoya yalikuwa yamesimama upande mmoja wa uti wa mgongo, kwato zimeng'ang'ania mbao za mtumbwi, na nyuma yake ziwa lilikuwa doa la kijivu tu, lakini ungeapa kwamba doa lile linachafuka.

"Mama," dereva wa bajaji alisema akichungulia, "huyu akishuka kwenye karatasi tumekwisha. Atamaliza dagaa wa Kibirizi wote."

"Mfunge kamba wewe, una nguvu," mama akajibu, na wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilisikia joto nyuma ya masikio, likashuka shingoni. Miaka yangu yote ya kopo la maziwa na makaa, ya kukaa mwaloni nikihesabu miguu inayobeba, na sijawahi hata siku moja kumweka mbuzi kwenye karatasi akiwa hai kiasi kile. Nilitafuta kasoro. Niliipata.

"Pembe hii ya kushoto ni fupi, mama. Tazama vipimo."

"Ni fupi kweli, mwalimu," akasema. "Imevunjika. Mtazame."

Nikamtazama mbuzi. Pembe yake ya kushoto ilikuwa imevunjika. Nilikuwa nimesimama pale saa nzima nikiwafundisha watu kutazama, na sikuwa nimeiona.

Tangu siku hiyo nikawa na ugonjwa. Nauita hivyo kwa sababu ulikuwa na saa zake, kama homa. Ulipanda Ijumaa jioni na kunishika Jumamosi nzima. Bandani tuna kamba ya kuanikia nguo ambayo juu yake tunabana picha za wiki kwa vibanio, ili kila mtu azione. Nilianza kubana za mama mwisho kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo jua la asubuhi linapiga na mkaa unaonekana hafifu. Niliwasifu wengine kupita kiasi. Mshonaji alichora bata waliofanana na viatu, nikazungumza juu ya bata wale kwa nusu saa. Kwa mama nilisema, "Vizuri, mama. Endelea." Aliyenisikia angedhani namwamini sana kiasi kwamba hahitaji maneno.

Siku moja ya Jumanne nilikwenda Kibirizi peke yangu. Nilikaa palepale alipokaa yeye, kwenye jiwe lilelile. Nikalaza mkaa ubavu. Nikapangusa kwa kiganja. Nikatoka na kitu kama mto wa kulalia wenye miguu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa alikuja kuangalia, akainamisha kichwa kwa adabu, akauliza, "Ni kiboko?"

Nikamwambia ndiyo.

Sasa nieleze habari ya ukuta. Mzee mmoja aliyestaafu kazi bandarini alikuwa amejenga nyumba ya wageni Bangwe, juu ya mteremko, inatazama ziwa. Nilimfahamu kwa sababu nilimchorea kibao cha nje. Sehemu ya mapokezi ilikuwa na ukuta mmoja mtupu, mpana, ambao mgeni anauona kabla hajaona kitu kingine chochote, na mzee alitaka picha moja kubwa pale, ziwa na mnyama, kitu cha huku kwetu. Nilikuwa nimeupenda ukuta ule tangu haujapigwa lipu. Niliwahi kusimama mbele yake nikajipimia kwa mikono. Picha zangu ziko kwenye saluni, kwenye duka la dawa, kwenye nyumba za ndugu wasioweza kukataa. Ule ungekuwa ukuta wangu wa kwanza ambao watu wasionijua wangesimama mbele yake.

"Wewe lete," mzee akasema. "Na wanafunzi wako nao walete, si unasema wanajua? Nitachagua moja. Mwanzoni mwa Agosti."

Niliwatangazia Jumamosi iliyofuata, kwa sauti ya mtu mwema. Wengi walicheka na kutikisa kichwa. Mama wa mawese akauliza ukubwa wa ukuta.

Hapa kuna kosa ambalo ni langu, na lilitokea kabla ya ubaya wowote. Mwishoni mwa Mei niliwahi kuwaeleza juu ya rangi zinazosagwa ndani ya mafuta: kwamba unachukua unga wa rangi, wowote, udongo, masizi, unausaga taratibu juu ya kioo ndani ya mafuta mpaka uwe kama siagi, na picha ya namna hiyo huwa na mwanga wa ndani ambao mkaa hauna. Nilikuwa nimefika kwenye mafuta yenyewe, nikitaka kusema ni mafuta gani, ndipo mvua ikapiga bati kwa nguvu hata hatukusikizana. Nikawaonyesha kwa mikono kwamba tutaendelea wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilieleza mambo mengine.

Mwishoni mwa Julai mama alinikaribisha kwake Ujiji kuona alichofanya. Alinipitisha uani, hadi kwenye chumba anachohifadhi madumu ya mawese. Ni miezi ya baridi, upepo wa ziwa unaingia hadi ndani, na sakafu ya saruji ilikuwa baridi chini ya soksi zangu. Kabla sijaona picha nilisikia harufu. Madumu yalikuwa yamefungwa, lakini harufu ya mawese ilikuwa mbichi, ya karibu, kama mtu amefungua chungu.

Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, kwenye ubao wa plaiwudi mkubwa kama nusu ya mlango. Alikuwa amesaga udongo mwekundu wa njia ya Ujiji, masizi ya sufuria, chokaa na bluu ya kufulia, vyote ndani ya mawese. Mbuzi watatu walikuwa mwaloni. Mmoja amegeuza shingo kujikuna ubavu kwa mguu wa nyuma, na ungeweza kuhisi jinsi miguu mingine mitatu ilivyokuwa inamsubiri amalize. Ziwa lilikuwa limejaa upepo, na milima ya Kongo ng'ambo ilikuwa imefifia kama inavyofifia wakati wa vumbi la kiangazi. Na kwa sababu mawese yana rangi yake yenyewe, hata chokaa haikuwa nyeupe. Kila kitu kilikuwa kimepata mwanga wa saa kumi na moja jioni. Mwanga huo mimi nimeutafuta kwa rangi za maji tangu ujana. Yeye aliupata kwa sababu mawese ndiyo aliyokuwa nayo.

Niliweka ncha ya kidole kwenye pembe ya chini. Rangi ilibonyea, kama sabuni iliyolowa.

"Bado mbichi kidogo," mama akasema. "Mawese mimi nayajua, kwenye dumu hayakauki. Lakini nimeweka udongo mwingi. Udongo utayanywa, kama ukuta unavyonywa. Eti, mwalimu?"

Nilijua. Wakati ule ule nilijua kila kitu. Mawese hayakauki, hata uyasage na udongo wa mkoa mzima. Yanaganda tu kwa baridi, na joto likija yanalegea. Iko njia ya kuiokoa picha ya namna ile, si kamili, lakini iko: kuilaza chali, kuikinga na joto, kuinakili haraka kwenye ubao mwingine kwa mafuta yanayofaa wakati mkono bado unaikumbuka. Alikuwa na zaidi ya wiki moja. Ningeweza kumwambia kwa sentensi mbili.

"Mama," nikasema, "umefanya kazi."

Hilo halikuwa swali aliloniuliza. Alitabasamu, akaniletea chai.

Nyumbani mke wangu aliona.

"Una nini na yule mama?"

"Sina kitu."

"Tangu umerudi Ujiji umepangusa kidole hicho kwenye suruali mara kumi. Umekula nini huko?"

"Amechora vizuri," nikasema.

"Sasa ndiyo unanuna hivyo? Mwanafunzi wako akichora vizuri si ni sifa yako?"

Nikamweleza kwamba ni sifa yangu kweli. Nikamweleza kwa kirefu, mpaka akaenda kutoa nguo kambani nikiwa bado naendelea.

Siku zile nilimaliza picha yangu. Rangi za maji kwenye karatasi nene, ng'ombe wenye pembe ndefu wanakunywa ziwani, fremu ya mbao, kioo. Niliipima vizuri. Kila usiku nilijiambia nitamwambia kesho. Nilijiambia pia kwamba yeye ni mtu mzima, kwamba mimi si mlinzi wa madumu yake, kwamba huenda udongo wa Ujiji ni tofauti. Mtu aliyezoea kueleza hakosi maelezo ya kujipa.

Asubuhi ya siku yenyewe dereva wetu wa sharubu alijitolea kutubeba. Tulianza kwangu, tukapakia picha yangu, tukaenda Ujiji. Mama alikuwa amevaa vizuri, kitenge kipya, kilemba. Yeye na dereva waliutoa ubao nje, wakausimamisha barazani, na majirani wawili watatu wakasogea. Mmoja akasema, "Mbuzi wa jirani huyo! Namjua kwa ukorofi wake." Barabara ilikuwa na vumbi jekundu linaloinuka kila pikipiki ikipita. Mama akalitazama vumbi, akaingia ndani, akatoka na kitenge kikuukuu, laini kwa kufuliwa.

"Mwalimu," akaniuliza, "nikiifunika haitadhurika?"

Dereva alikuwa ameshika upande mmoja wa ubao, mama upande mwingine, wote wawili wananitazama wakisubiri niseme. Naikumbuka hata sasa ile nafasi. Ilikuwa ndefu ya kutosha.

"Funika tu, mama," nikasema. "Vumbi ni baya."

Katika maisha yangu ya ualimu sijawahi kutoa jibu fupi kama lile.

Aliufunika ubao kwa kitenge, akakaza kingo kwa kamba ya katani, akapangusa juu kwa kiganja ili kilale vizuri. Niliona kiganja kikipita. Kisha tukaubeba ubao ukiwa umesimama, mimi nimeushikilia kwa ndani, na jua la saa nne likiingia bajaji upande wangu njia nzima hadi Bangwe. Mama alizungumza. Alisema akichaguliwa atawaleta wadogo zake kutoka Kasulu waje waone. Alisema marehemu mume wake alikuwa akimcheka akichora kwa mkaa wa jikoni kwenye ukuta wa uani, na kwamba leo angekoma. Dereva akasema, "Mama, ukiwa maarufu usinisahau, mimi ndiye niliyewabeba mbuzi." Nikacheka pamoja nao.

Mzee alitungoja mapokezi na mke wake. Picha yangu ikaegemezwa upande mmoja. Walisema ni safi. Kisha mama akafungua kamba, akashika kitenge kwa kingo mbili za juu, akakishusha polepole, kwa fahari, kama mtu anayemfunua bibi harusi.

Kilishuka na mbuzi.

Si wote. Yule aliyekuwa anajikuna alibaki nusu, shingo yake imevutwa chini kama utomvu. Wale wawili walikuwa kwenye kitenge, wamegeuka kushoto kwenda kulia, na ziwa lilikuwa limebaki kwenye ubao kama uso uliopanguswa. Mke wa mzee akaweka mkono mdomoni.

"Pole, mama," mzee akasema hatimaye. "Pole sana. Ni nini tena?"

Na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe, kwa tabia yangu. Mtu aliuliza swali, nami nikajibu. Nilianza kueleza. Nikasema mawese si mafuta ya kukauka, kwamba yanaganda kwa baridi na kulegea kwa joto, kwamba udongo hauyanywi kama watu wanavyodhani ila huyashika tu, na kitambaa kikiguswa nayo ni lazima kinyonye. Nikasema yanayotakiwa ni mafuta ya mbegu za kitani, yale ambayo maseremala hupaka samani, kwani hayo yakipata hewa hujishika yenyewe na kuwa kama ngozi. Nikaeleza hata kwamba rangi ya namna ile haifunikwi wiki nyingi. Nilieleza vizuri. Kwa utulivu, kwa mpangilio, kwa sauti ileile ya bandani.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama alivyozoea. Kitenge kilikuwa bado mikononi mwake.

"Ego," akasema, kwa Kiha, yaani ndiyo, kama mtu anayekubali kitu alichoonyeshwa. "Kumbe yote haya unayajua."

Akanigeukia.

"Uliyajua na kule kwangu? Siku ile ya chai?"

Dereva alikuwa anatazama viatu vyake. Ningeweza kusema nilikumbuka leo tu. Alikuwa tayari kuniamini. Niliona usoni pake kwamba angependa kuniamini.

"Niliyajua," nikasema.

Alikikunja kitenge, upande wenye rangi kwa ndani, vizuri, pembe kwa pembe. Aliwaaga mzee na mkewe. Akamwambia dereva, "Nipeleke nyumbani, mwanangu." Mimi nilirudi Gungu kwa miguu. Mzee alinipigia simu jioni kuniambia picha yangu imetundikwa.

Jumamosi tatu mama hakuja. Sikubana picha zake kambani tena kwa kuwa hazikuwepo, na kamba ilionekana ya kijinga. Dereva alikuja, akachora, akaondoka bila utani. Sikumwambia mke wangu, aliambiwa sokoni. Aliporudi aliweka kikapu chini akasema, "Mtu anayemweleza hata mpita njia namna ya kuchonga penseli," kisha hakumalizia, akaenda jikoni.

Nilikwenda Bangwe mara moja kuangalia ukuta wangu. Nilikuwa nimeungoja muda mrefu. Mgeni mmoja alikuja, akaandika jina lake kitabuni, akapewa ufunguo, akapita mbele ya ng'ombe wangu bila kugeuza kichwa. Nikangoja mwingine. Naye akapita. Pale kwenye kiti cha mapokezi wivu ulinishika upya, na safari hii haukuwa na hata kisingizio cha ukuta. Nilimwonea mama wivu kwa picha ambayo haipo.

Wiki hiyo nilinunua kwa seremala chupa ya mafuta ya kitani, nikaenda nayo Mwanga. Mama alikuwa anampimia mteja mawese kwa kopo. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akaendelea kumimina. Mteja alipoondoka niliiweka chupa mezani.

"Hii ndiyo yenyewe, mama. Nimekuja kuomba radhi. Nilikuonea wivu."

"Mimi?" Alinitazama kweli, kwa mshangao. "Mimi muuza mawese?"

"Wewe. Tangu siku ya Kibirizi."

Akaichukua chupa, akaifungua, akanusa, akakunja pua. "Inanuka samani." Akaifunga. Akaiweka karibu na kopo lake la kupimia.

"Nitakuja Jumamosi," akasema. "Siji kwa ajili yako. Nakuja kwa kuwa kuna mambo nataka kuyajua na wewe ndiye unayeyajua. Lakini sasa mimi ndiye nitakayeuliza, wewe utajibu. Na usinichagulie cha kujibu."

"Sawa, mama."

"Hata nikikuuliza kitu usichokipenda."

"Hata hicho."

Alikuja. Alivua kandambili mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, na alipokaa darasa zima lilikaa wima kama watoto mkaguzi akiingia. Aliuliza juu ya kitani: kinakauka siku ngapi, mpaka lini kisifunikwe, ubao upakwe nini kwanza. Nilijibu kila kitu. Aliuliza kama udongo wa Ujiji utafaa. Nikamwambia utafaa kuliko rangi za dukani, na ilikuwa kweli, na kuisema kuliniuma.

Kisha akasema, "Nilipita Bangwe juzi. Nimeiona picha yako."

Muuguzi alikohoa.

"Imepimwa vizuri. Ng'ombe ni ng'ombe, maji ni maji. Lakini nilisimama pale na haikunifanya chochote. Mimi sijui kwa nini, sina maneno yake. Wewe unayo. Tueleze, mwalimu. Ile picha ina nini?"

Wote walinitazama. Dereva aliacha kuchonga kijiti chake. Nilichukua kipande cha mkaa, nikageukia ubao mweusi mdogo tunaoutumia, nikakuta mkaa hauandiki juu yake, nikachukua chaki. Nikachora ng'ombe wangu, kwa mistari michache, kama alivyo kule ukutani.

"Tazameni miguu," nikasema. "Nimeichora yote minne ikiwa imesimama sawasawa. Ng'ombe huyu hajabeba uzito wake popote. Nilimchora nikiwa nyumbani, kutoka kichwani, kwa sababu wiki zile sikutaka kwenda mwaloni nikakutana na mama. Kwa hiyo hapa," nikaweka chaki kwenye bega la ng'ombe, "hakuna ng'ombe. Kuna mtu anayeogopa kulinganishwa. Na hapa kwenye maji..."

Mama alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, ananisikiliza kwa makini yake yote.

"Polepole, mwalimu," akasema. "Hapo kwenye bega rudia."

Nikarudia.